Kiti cha Mgeni: Tuliyojifunza Kericho na Bomet



Juma hili tunaandika juu ya kiti cha mgeni. Kile anachokikalia mtu aliyetoka mbali kuja kutazama mahali pa kale, akawa anangoja zamu yake, au anamngoja mwenzake, au anangoja jua lipoe. Ni jambo dogo, na huenda baadhi yenu mkaona halistahiki ukurasa mzima. Lakini jambo hilo dogo limetulazimisha kuiacha rai tuliyoishikilia kwa miaka miwili mbele ya watu, na mwenye kuiacha rai yake ni haki awaeleze watu sababu.

Wanaosali nasi wanaijua habari. Msikiti wetu ni wa kale, wa mawe ya matumbawe, na kila msimu huja watu kuutazama: wanafunzi na walimu wao, watalii, na jamaa zetu waliozaliwa Ulaya na Ghuba wanaotaka kupaona walipokuwa wakisali babu zao. Vijana wa mtaa walileta ombi kwenye kamati kwamba chumba kilicho ubavuni mwa msikiti, kilichokuwa kimejaa mikeka mibovu na mabati, kisafishwe kiwe mahali pa wageni kupumzika na kungojea. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliopinga, na tulisema maneno makali. Tulisema msikiti si bustani ya matembezi. Ombi likalala.

Safari ya kuuona mti wa chai

Likizo ya shule iliyopita, jamaa za mtaa wetu walikodi basi kwenda kuzuru nchi ya chai, Bomet na Kericho. Chanzo cha safari alikuwa bibi mmoja mkongwe, ambaye umri wake umepita miaka 70 na magoti yake hayana tena nguvu. Alikuwa amesema, "Chai nainywa asubuhi na jioni tangu nina akili zangu. Nataka niuone mti wake kabla sijarudi kwa Mola wangu." Wajukuu zake wakalichukua neno hilo, likaenea nyumba hadi nyumba, hata tukawa watu 30 na zaidi, wazee na watoto.

Kutoka Mombasa hadi Kericho ni zaidi ya kilomita 700 kwa barabara. Tulilala Nairobi, asubuhi tukateremka Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu, tukapita Narok kwenye mashamba mapana ya ngano, kisha ardhi ikaanza kupanda na hewa kupoa. Kufika Bomet, watoto walinyamaza wote kwa pamoja. Vilima vimevikwa kijani kimoja, kimekatwa juu sawasawa kana kwamba kimepigwa pasi, na ndani yake wachumaji wamezama hadi kiunoni, vikapu mgongoni. Huchuma majani mawili na chipukizi lake, basi. Jani lililokomaa huliacha. Nchi hiyo iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu kila alasiri, mara nyingine mvua ya mawe inayoweza kuharibu kazi ya majuma kwa nusu saa.

Sisi watu wa Pwani tuna uhusiano na nchi hiyo kuliko tunavyodhani. Magunia ya chai yale hushuka hadi maghala ya Shimanzi, na mnada wa chai wa Mombasa ndio unaoziuza chai za nchi nyingi za Afrika Mashariki kwa ulimwengu. Wapo baba katika mitaa yetu waliosomesha watoto wao kwa kuyabeba magunia hayo, na hawajawahi kuuona mti wenyewe.

Mvua, na mlango uliofunguliwa

Tulipokaribia mji wa Kericho mvua ilishuka kwa nguvu hata dereva akawa haoni mbele. Bibi alikuwa amekaa kitini tangu alfajiri na miguu imemvimba. Watoto wawili wanatapika. Kina mama wanataka haja. Dereva akasema, "Sheikh, iko nyumba moja hapa ambayo hawamrudishi mtu." Akatupeleka kwenye gurudwara, hekalu la Masingasinga, lile jengo jeupe la marumaru ambalo wasafiri wengi wa njia ya Kisumu wanalijua.

Basi ndani ya gari pakazuka maneno. Mmoja akauliza, je, yafaa sisi kuingia humo, nasi tumefuatana na sheikh? Tukamjibu hivi. Hatuendi kushiriki ibada yao, wala wao hawajatuita kwenye ibada. Tunatafuta kivuli kutokana na mvua, na pahali pa mzee kunyoosha miguu. Chakula chao katika hekalu hakina nyama wala kileo, hivyo hapana shaka ya kuchinja wala ya ulevi. Mtume wetu (S.A.W.) aliupokea ujumbe wa Wakristo wa Najran katika msikiti wake, akawaketisha na kuzungumza nao. Imani ni yetu, na adabu ni baina yetu na watu wote. Sala tulikuwa tumeshanuia kuichelewesha Adhuhuri tuikusanye na Alasiri kama ilivyo ruhusa ya msafiri, na tungesali katika msikiti wa mjini mvua itakapopungua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Tulipofika mlangoni hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi wala dini yetu ni ipi. Pana mahali pa kuvulia viatu, na maji ya kunawa, na kikapu cha vitambaa kwa asiyekuwa amefunika kichwa. Wanawake wetu walikuwa na mitandio yao, sisi tuna kofia zetu. Vijana wawili waliokuwa vichwa wazi wakachukua vitambaa wakajifunga, na wote tukacheka. Katika ukumbi wa chakula watu huketi chini kwa safu moja, tajiri ubavuni mwa maskini. Ni desturi waliyorithi tangu zama za Guru Nanak, aliyeishi Punjabi kuanzia 1469 hadi 1539. Mzee mmoja wa Kisingasinga, ndevu nyeupe na kilemba, alimtazama Bibi mara moja tu anavyoteremka ngazi, akaondoka bila kusema neno, akarudi amebeba kiti kwa mikono yake mwenyewe. Nyuma yake akaja kijana na buli la chai ya maziwa.

Bibi aliketi, akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akakaa kimya kitambo. Kisha akatwambia kwa sauti ya chini, kwa namna ambayo mama humwambia mwanawe, "Mwanangu sheikh, mbona kwetu sikupewa kiti?"

Tulijua alilolikusudia. Miezi michache nyuma alikuwa amewaleta wajukuu wa marehemu dada yake, waliokuja kutoka ng'ambo, wauone msikiti aliousomeshea babu yao. Ilikuwa baina ya Adhuhuri na Alasiri, mlango umefungwa, mwenye ufunguo hayupo. Alisimama juani, kisha akaketi juu ya ngazi ya duka la jirani, hata wageni wake wakaona haya wakamsihi warudi nyumbani. Msikiti hawakuuona. Habari ile tuliisikia wakati huo, tukasema, "Angekuja wakati wa sala." Neno hilo lilitoka kinywani mwetu, na siku ile Kericho lilituregea.

Mtu aliyeitwa kwa jina la mji

Tulimwuliza yule mzee habari za nyumba ile. Masingasinga wengi, kama ijulikanavyo, walikuja Afrika Mashariki wakati wa kujengwa reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa 1896 na kufika ziwani Kisumu 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na kiasi cha 2,500 wakafa. Walioishika nchi wakawa mafundi: waashi, maseremala, wahunzi, makanika.

Miongoni mwa waliofuata baadaye alikuwa Puran Singh, aliyezaliwa Punjabi mwaka 1898. Alikaa Kericho miaka mingi akiwa fundi mwenye karakana yake, na karakana hiyo ikawa pia mahali pa watu kukusanyika kwa ibada na kulishwa. Miaka ya 1970 alihamia Birmingham, Uingereza, akawa kiongozi wa jamaa kubwa huko, na akafariki mwaka 1983. Wafuasi wake humwita "Kerichowale", yaani mtu wa Kericho. Hekalu lililopo sasa limejengwa kwa ukumbusho wake.

Sisi tuliosoma madrasa tunaielewa nisba hiyo. Sheikh Uways tunamwita al-Barawi kwa sababu ya Barawa, na wapo wanavyuoni wengi ambao mji wao unajulikana ulimwenguni kwa sababu majina yao yaliubeba. Kericho, mji mdogo wa mvua na chai, unatajwa kwa heshima katika mitaa ya Birmingham kwa ajili ya fundi mmoja aliyekuwa akiwalisha watu. Tulijiuliza, mji wetu unatajwaje na wageni wake wanaporudi makwao?

Mwenye nyumba ni nani?

Siku ya pili tulikwenda kutembea kando ya mashamba, upande wa Bomet. Tulikutana na mzee wa Kikipsigis, mstaafu wa kazi ya chai, tukamwamkia "Chamgei" kama tulivyofundishwa, akafurahi, akatukaribisha kwake tukanywa mursik, yale maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichofukizwa kwa makaa ya mti. Bibi alipoonja alisema yana ukali wa mtindi na harufu ya moshi, akaomba zaidi.

Baada ya maongezi mzee alitwambia neno ambalo haifai tulifiche. Alisema kwamba wageni wengi huja kupiga picha vilima, na ni haki yao kwa kuwa vilima ni vizuri. Lakini ni wachache wanaouliza kabla ya chai palikuwa na nini.

Palikuwa na watu. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kupandwa na makampuni ya Kiingereza katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wakilima na kuchunga, na watu wakasukumwa kwenye maeneo waliyotengewa. Ukoo wa Talai, uliokuwa na viongozi wa kiroho na wa upinzani, ulipatwa na zaidi ya hayo: serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi mwaka 1934 ya kuwaondoa, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, nchi ya joto na maradhi. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao juu ya kutolipwa fidia kwa watu hao, na mwaka 2022 mashtaka yalifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Kwa upande wa wachumaji nako kuna huzuni nyingine, kwani mashine za kuchumia zimepunguza kazi, na mwaka 2023 mgogoro huo ulifika hadi mashine kuchomwa moto.

Twaeleza haya kwa sababu mgeni naye ana wajibu wake. Akipewa kiti na kikombe, ni adabu aulize mwenye nyumba ni nani, na mwenye nyumba amepatwa na nini. Na mwenyeji naye anapomkalisha mgeni hupata nafasi ya kumsimulia. Mtu anayesimama juani hasikii hadithi; anatafuta njia ya kuondoka.

Jambo lenye asili katika dini yetu

Katika njia ya kurudi tulikaa ndani ya basi tukayapitia tuliyosomeshwa, tukaona haya kwamba tulihitaji kukumbushwa na wasiokuwa wenzetu katika imani.

Nabii Ibrahim (A.S.) alipojiwa na wageni asiowajua, hakuwahoji. Alikwenda kwa watu wa nyumbani kwake polepole, pasi na kuwatangazia wageni anachokwenda kufanya, akarudi na ndama aliyenona. Kwanza kilikuja chakula, na mazungumzo baadaye. Katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina palikuwa na Suffa, sehemu ya nyuma yenye paa, walipokaa maskini na wageni wasiokuwa na jamaa mjini. Abu Hurayra, ambaye ndiye mpokezi wa hadithi nyingi kuliko sahaba yeyote, alikuwa mtu wa Suffa. Basi tuliposema kwamba msikiti hauna haja ya mahali pa wageni, tulisahau ya kuwa msikiti wa Madina ulikuwa nalo baraza la wageni, na kutoka barazani humo ilitoka elimu tunayoisoma hadi leo.

Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala kuanzia 717 hadi 720, alimwandikia gavana wake wa Samarkand ajenge nyumba za wasafiri, wapokewe siku moja na usiku wake, wanyama wao wahudumiwe, na aliyekuwa mgonjwa aongezewe muda. Bibi Zubayda, mkewe Harun Rashid, alitoa mali nyingi kwa visima na vituo katika njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka, na njia hiyo ikaitwa kwa jina lake. Hao wote waliijua thamani ya mahali pa kungojea.

Wala Pwani yetu si ngeni katika jambo hili. Nyumba za mawe za Lamu na Mombasa zilijengwa na daka mlangoni, na vikao vya mawe kulia na kushoto, ili mgeni aketi kabla ya kuingia na mwenye nyumba apate nafasi ya kujiandaa. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba milangoni mwa misikiti palikuwa na visima vifupi na kata ya mti ya kutekea maji, ardhi imesakafiwa, na mlangoni pana mkeka mzito wa kufutia miguu. Msafiri huyo aliyekwisha kuziona nchi nyingi aliukumbuka mkeka wa mlangoni! Na hadi leo, siku za Maulidi ya Lamu, nyumba hufunguliwa na wageni wa Msikiti wa Riyadha hulazwa na kulishwa. Tunalolijua kwa siku chache za Maulidi tumelisahau katika siku nyingine za mwaka.

Hoja tulizokuwa nazo

Ni insafu tuziseme hoja zetu za zamani, kwa kuwa wapo ndugu ambao bado wanazo, na si hoja za kijinga.

Hoja ya kwanza ni ya staha: wageni huja wamevaa nguo zisizositiri, hupita mbele ya wanaosali, hupiga picha. Ni kweli. Lakini tumeona Kericho kwamba mahali pa kungojea ndipo dawa yake. Mtu anapokelewa, anaketishwa, anaelezwa kwa upole, anapewa kitambaa. Kwetu hakuwa na pa kusimama ila mlangoni kabisa, kwa hivyo fujo tuliyoilaumu sisi ndio tulioisababisha. Kikapu cha kanga na vikoi vya kuazima kingetuepusha na magomvi mengi.

Hoja ya pili ni ya mali: kwa nini tutumie fedha kwa watazamaji hali walimu wa madrasa hawalipwi vizuri? Hoja hii ni nzito, nasi tunaiheshimu. Jawabu ni kwamba fedha ya madrasa isiguswe hata senti. Kilichohitajika ni chokaa, mabenchi mawili, mtungi wa maji na mikono ya watu, na hivyo hutolewa na wenye kutoa.

Hoja ya tatu ni ya kisharia, na ndiyo tuliyoitegemea zaidi: chumba ni wakfu, na sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa kama yaheshimiwavyo maneno ya sharia. Haifai kugeuza wakfu kwa matamanio ya vijana. Hilo ni sahihi. Lakini tuliporudi tulifanya tulilopaswa kulifanya kabla ya kupinga: tuliuliza wakfu wenyewe ulikuwa wa nini. Hati haikupatikana. Tukawaendea wazee watatu, kila mmoja peke yake, wasiambizane. Wote watatu walisema neno moja: katika ujana wao chumba kile kilikuwa cha mabaharia na wasafiri wa majahazi ya msimu wa kaskazi, waliolala humo wakingoja pepo zigeuke. Mmoja akaikumbuka hata ndoana ya kutundikia taa. Tukaenda tukatazama nyuma ya mabati, na ndoana ipo.

Kwa hivyo chumba kilikuwa cha kungojea tangu asili. Waliokigeuza ni sisi, tulipokifanya ghala. Tuliipeleka habari kwa wenye elimu na mamlaka ya mambo ya wakfu, wakaridhia matumizi hayo kwa masharti kwamba msikiti usikose nafasi na wanaosali wasibughudhiwe.

Siku ya kufunguliwa

Mbele ya kamati tulisimama tukawaomba radhi wale vijana. Hatukuona dhila katika hilo. Dhila ni kulijua kosa na kukaa kimya. Kisha kazi ikaanza. Mafundi wa mtaa walitoa siku mbili za kazi, maseremala wakatengeneza mabenchi yenye migongo kwa ajili ya wazee, kina mama wakashona vifuniko na kuchangia kanga 12. Pana rafu ya viatu, mtungi wa maji na vikombe, pazia la mahali pa mama kumnyonyesha mtoto, na mteremko wa saruji badala ya ngazi, ili mwenye kigari cha magurudumu aingie bila kubebwa kama mzigo. Ukutani pana ubao wenye maelezo ya msikiti kwa Kiswahili, na tarjuma yake chini. Vijana wanne wamepangiwa zamu, na ufunguo haukai tena nyumbani kwa mtu.

Jumapili iliyopita, baada ya Alasiri, tulikifungua. Hatukualika wakubwa wala hatukukata utepe. Ilisomwa Fatiha kwa ajili ya aliyeweka wakfu, ambaye jina lake hatunalo, na Mola wake analo. Kisha Bibi akashikwa mkono, akapandishwa kwenye ule mteremko, akaketi kwenye benchi la kwanza chini ya ndoana ya taa. Akaegemea nyuma, akayajaribu magoti yake. Akaletewa chai ya tangawizi na iliki, iliyotokana na paketi ya majani aliyoinunua mwenyewe Bomet.

"Mti wake mfupi," akawaambia watoto waliomzunguka. "Mimi nikidhani ni mrefu kama mwembe."

Wakati watu wanacheka, mlangoni palisimama wageni wawili, mwanamume na mkewe, na begi mgongoni, hawajui kama waingie au wapite. Yule kijana mwenye zamu akainuka na kuwasogezea benchi.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Tulikuwa tukiisoma methali hiyo kama salamu tu. Sasa tunaiona ni taarifa ya maradhi, na sisi ndio tuliokuwa wagonjwa.

Tunawaomba kamati za misikiti ya kale na wasimamizi wa mahali pa historia katika Pwani yetu watazame vyumba vyao vilivyojaa mabati. Huenda nyuma yake ikawamo ndoana ya taa. Na wewe, ndugu msomaji, utakapokuwa safarini nchi ya chai, mwamkie mwenye nyumba kwa lugha yake, kaa, kunywa, na muulize kabla ya chai palikuwa na nini.

Mwenyezi Mungu atujaalie miongoni mwa wenye kukirimu wageni Wake, na awalipe kheri wote waliotukirimu. Amin. Wabillahi tawfiq.